Goti Lililolika: Upasuaji Upi, kwa Nani?

Mjini Houston, Marekani, wagonjwa 180 wenye osteoathritisi ya goti, yaani goti lililolika, walikubali kura iamue watakavyotibiwa. Wengine waliingiziwa kamera nyembamba, goti likaoshwa kwa maji. Wengine waliongezewa kukwanguliwa gegedu lililochakaa. Kundi la tatu lilichanjwa ngozi tu, likashonwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: katika miaka miwili ya ufuatiliaji, waliooshwa magoti hawakupata nafuu kuwazidi waliochanjwa ngozi.

Sababu yake haijifichi. Watu husema "uteute umekwisha", lakini kinachokwisha hasa ni gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Maji hayawezi kuliotesha upya.

Kwa hiyo mpasuaji makini huanza kwa kutafuta mahali palipolika: upande wa ndani, upande wa nje, au chini ya pia ya goti. Mwenye matege, kwa mfano, huelemewa upande wa ndani. Ikiwa hajafikia miaka 60 na riziki yake ni jembe au mizigo, mfupa wa muundi unaweza kukatwa chini kidogo ya goti, ukanyooshwa na kufungwa kwa bamba na skrubu. Uzito huhamia upande uliobaki mzima. Atatembelea magongo kwa wiki kadhaa, na huenda miaka mingi baadaye akahitaji goti bandia, lakini kwa sasa anabaki na goti lake.

Palipolika upande mmoja tu na kano zikiwa imara, upande huo pekee unaweza kuwekewa kifaa bandia, yaani nusu goti. Nchini Uingereza, utafiti wa wagonjwa 528 ulilinganisha njia hii na kubadilisha goti zima. Baada ya miaka mitano, makundi yote mawili yalitembea na kufanya kazi karibu sawa, na gharama ya nusu goti ilikuwa nafuu zaidi. Kwa kudumu, goti zima linaongoza: uchambuzi wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti 82 kati ya 100 hufikisha miaka 25, dhidi ya 70 ya nusu goti.

Goti zima hubadilishwa pale ambapo pande zote zimelika na maumivu yanamnyima mgonjwa usingizi. Chuma na plastiki huondoa maumivu kwa wengi, ila kupiga magoti huwa kugumu. Anayesujudu mara tano kwa siku, au anayetumia choo cha kuchuchumaa, aambiwe hilo mapema.

Kabla ya kisu, mazoezi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito vipewe miezi kadhaa. Vikishindwa, mgonjwa aombe eksirei iliyopigwa akiwa amesimama, kisha amuulize daktari: "Goti langu limelika upande gani?" Asiyejibiwa waziwazi atafute daktari wa pili kabla ya kutia sahihi.