Kutoka Segera hadi Himo: Milima Isiyo na Asili Moja

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi, akishapita Segera na Korogwe, huona upande wake wa kulia ukuta wa milima unaomsindikiza hadi karibu na Himo. Watoto garini huuliza iwapo milima hiyo ni ndugu wa Kilimanjaro. Wajibiwe kwamba si ndugu.

Usambara na Upare ni miamba mikongwe mno, iliyogeuzwa umbo kwa joto na mgandamizo katika kina kirefu cha ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukikuta jiwe lake lililopasuliwa kando ya njia, litazame: mistari myeusi na myeupe imepishana kama ukili wa mkeka, na pengine humo mna vitone vyekundu vya ganeti. Zama za baadaye ardhi ilikatika kwa mipasuko mirefu, upande mmoja ukainuka na mwingine ukadidimia. Ndiyo maana pale Mombo mlima hauanzi taratibu, bali husimama ghafla juu ya mashamba ya mkonge.

Kilimanjaro ni mtoto mbele ya wazee hao. Ni volkano, na umri wake haufiki miaka milioni 3. Shira ilitangulia, kisha Mawenzi na Kibo, chenye kilele cha meta 5,895.

Baina ya Hedaru na Same abiria huona mibuyu na vumbi, akadhani Upare wote ni nyika. La hasha. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua yake upande wa mashariki na vileleni. Barabara imepita upande ulionyimwa.

Huko juu ndiko waliko watu, na udongo mzito umelalia mwamba mgumu. Ukilowa kupita kiasi, huteleza. Novemba 2009, katika kijiji cha Goha wilayani Same, maporomoko yaliua watu zaidi ya 20.

Basi vuli ikikaribia, mwenye wazee Mamba, Mtae au Lushoto awapigie simu. Je, ardhi nyuma ya nyumba ina nyufa mpya? Migomba imeinamia bondeni? Chemchemi iliyokuwa safi imeanza kutoa tope? Ikiwapo hata dalili moja, walale kwa jamaa aliye mbali na mteremko, na mwenyekiti wa kijiji aarifiwe siku hiyo hiyo.