Njaa ya Alasiri Tuizime na Nini?

Watu wakitoka kuswali alasiri, makarai ya viazi na bajia huwa yashapamba moto mitaani. Njaa ya saa kumi si ulafi. Chakula cha mchana kishashuka, na cha usiku kiko mbali.

Tatizo ni tunachoizimia. Mahamri na kaimati ni unga mweupe, sukari na mafuta: sukari ya damu hupanda upesi, kisha hushuka, na magharibi njaa isharudi. Kinachokaa tumboni ni chenye protini na nyuzinyuzi, kama konzi ya njugu au korosho, yai la kuchemsha, au kibakuli cha mbaazi. Muhogo wa kuchoma si mbaya, mradi usizikwe kwa chumvi. Ama mabuyu ya rangi, hayo ni peremende tu, tusidanganyane.

Lakini kinachotuponza zaidi ni kikombe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6 vya chai. Vikombe viwili vya vijiko vitatu-vitatu vishaimaliza. Kahawa tungu haina shida hiyo, ila mwenye kisukari azihesabu tende anazoisindikizia. Na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kabla ya kuzoea madafu, maana yana potasiamu nyingi.