Ada Imelipwa, Mwanachama Yuko Wapi?

Wiki za mwanzo za Januari, jimu nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hazina pa kukanyaga. Kwenye mashine za kukimbilia kuna foleni, wenye raba mpya wanapishana na wazoefu wa kupiga vyuma, na dada wa mapokezi hana hata nafasi ya kunywa chai. Ikifika Machi, ukumbi umepwaya. Ada zimelipwa, waliolipa hawaonekani.

Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, waliwahi kupekua rekodi za wanachama 7,752 wa jimu tatu za New England, Marekani, zilizokusanywa kwa miaka mitatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Waliojiandikisha kwa ada ya mwezi, iliyozidi dola 70, walifika mazoezini wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Ukigawanya, kila mahudhurio yaliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali jimu zilezile zilikuwa na tiketi ya mara kumi kwa dola 100. Tena, mwenye kuacha mazoezi alikaa zaidi ya miezi miwili ndipo akafuta uanachama, na muda wote huo aliendelea kukatwa.

Swali la huduma kwa mteja linaanzia hapo. Biashara inayoingiza fedha hata mteja akilala nyumbani itapata wapi hamu ya kumpigia simu? Mwaka 2014, redio ya NPR ya Marekani iliripoti kwamba kila jimu ya kampuni ya Planet Fitness ilikuwa na wastani wa wanachama 6,500, ingawa nyingi zilitosha watu kama 300 kwa wakati mmoja. Ada ilikuwa dola 10 kwa mwezi, kiasi ambacho mtu huona uvivu hata kukifuta. Kwa mpango kama huo, mwanachama mtoro hana hasara kwa mwenye jimu. Wote wakiamua kuja Jumatatu moja jioni, ndipo balaa.

Sasa ingia jimu ya mtaani, Mbagala ya Dar es Salaam au Kayole ya Nairobi. Vyuma vingine vimechomelewa na fundi wa jirani, uzito umeandikwa kwa rangi, ukutani kioo kimoja kikubwa. Wateja wengi hulipa kwa siku, mara nyingi kwa simu wakiwa mlangoni. Asiyefika halipi. Ndiyo maana kocha wa hapo anawajua watu kwa majina, anajua nani fundi gereji na nani anaingia zamu ya usiku, na mtu akikosekana wiki nzima atapokewa na “Kaka, umepotelea wapi?” Ukarimu upo, lakini hesabu nayo ipo: mteja aliyepotea ni fedha iliyopotea leo hii.

Jimu hizo zisisifiwe kupita kiasi, hata hivyo. Nyingine hazina hewa, benchi halifutwi jasho kutoka asubuhi hadi usiku, na mashine ikiharibika hufungwa kamba ya plastiki na kubaki hivyo miezi. Kibaya zaidi, si kila anayeitwa kocha amesomea kazi hiyo. Wengine sifa yao ni kifua tu.

Mteja mgeni ndiye anayeumia. Siku ya kwanza anabebeshwa uzito wa wazoefu, anaondoka akijisifu, kesho yake hawezi kushuka ngazi. Maumivu ya misuli isiyozoea kazi kwa kawaida hupanda kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, kisha hupungua yenyewe. Asiyeambiwa hilo anadhani ameumia, harudi tena. Kocha mzuri humpunguzia uzito siku hiyo, humwonya kuhusu maumivu, na kesho yake humtumia ujumbe kumjulia hali. Hakuna mashine mpya inayoweza kufanya kazi ya ujumbe huo.

Kabla ya hapo kuna maswali. Fomu moja inayotumika sana duniani, PAR-Q, iliyoanzia Kanada, ina maswali saba katika toleo lake la kawaida: je, mtu ana tatizo la moyo, hupata maumivu ya kifua au kizunguzungu, anatumia dawa za shinikizo la damu, ana tatizo la mifupa au viungo? Kuyauliza huchukua dakika chache. Jimu inayochukua fedha bila kuuliza chochote haijamhudumia mtu, imemuuzia nafasi ya kusimama.

Pwani kuna la ziada. Wakati wa Ramadhani wafungaji wengi huhamishia mazoezi usiku, na jimu isiyobadilisha saa zake itafungua mchana ukumbi ukiwa mtupu. Wanawake wengi nao hutaka saa zao peke yao, na kocha wa kike. Anayelipuuza hilo Mombasa au Zanzibar anawafungia mlango wateja walio tayari kulipa.

Malalamiko makubwa, lakini, huzuka mtu anapotaka kuondoka. Amehamishwa kikazi, ameugua, ni mjamzito. Anaomba uanachama usimamishwe kwa muda, anajibiwa kwamba fedha hairudishwi. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa hata huduma za mazoezi ya mwili: mkataba wake haupaswi kuzidi mwaka mmoja, na mteja ana siku 10 za kuuvunja bila kutoa sababu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Tatizo ni kwamba wanachama wengi hawana karatasi yoyote ya kuonyesha.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kujiunga asianze na ofa ya mwaka mzima. Alipe ya siku, tena aende saa ileile anayopanga kufanya mazoezi, maana jimu tulivu ya saa nne asubuhi si ile ya saa kumi na mbili jioni. Atazame choo. Aulize kocha alisomea wapi, na mtu akisafiri miezi miwili ada yake inakuwaje. Majibu yaandikwe na risiti itolewe. Jimu ikikataa, aendelee kulipa kwa siku.