Dawati la Nyuma

Watoto hamsini wanaposoma kwa sauti moja, darasa huvuma na mgeni husifu. Mimi hutazama midomo. Kwenye madawati ya nyuma hakosekani anayengoja silabi itoke kwa wenzake ndipo aidake. Kwa mwalimu aliye ubaoni, ni vigumu kumwona mtoto huyo. Ndiyo sababu mimi hukaa huku nyuma.

Mimi ni afisa wa usaidizi wa mtaala, CSO, Kaunti ya Kwale. Zamani tuliitwa walimu wa TAC, yaani vituo vya ushauri kwa walimu, na siku nyingi zilikwisha kwa kukusanya takwimu na kupeleka barua za ofisi. Mwaka 2015 mradi wa kusoma wa Tusome, uliofadhiliwa na Marekani, ulianza kuenea Kenya nzima, nasi tukapewa tableti zenye programu ya Tangerine. Tulijaza humo jinsi somo lilivyokwenda, kisha tukachagua watoto watatu watusomee. Pesa za usafiri zilifuata ziara zilizothibitishwa na GPS. Kuna waliolalamika kuwa tunachungwa; kwa maoni yangu, hilo ndilo lililotutoa ofisini.

Lakini kazi yenyewe hasa ni mazungumzo baada ya kipindi. Walimu wameumwa na ukaguzi wa miaka mingi, wakiona kalamu wanajikunyata. Kwa hiyo sianzi na makosa. Nauliza: "Mwalimu, leo nani hukumsikia akisoma peke yake?" Hunyamaza kidogo, kisha huanza kutaja majina. Mpangilio wa somo ni kwamba mwalimu asome, wasome pamoja, halafu mtoto asome mwenyewe. Kipindi ni dakika 30, na hatua ya mwisho ndiyo humezwa na muda. Tunakubaliana kuishughulikia hatua hiyo tu. Nikirudi, naangalia hiyo hiyo.

Kurudi ndiko kunakozaa matunda. Huko jimbo la North West, Afrika Kusini, utafiti ulioanza 2015 ulizipa shule mipango ileile ya masomo ya Kitswana. Walimu wa kundi moja waliitwa kwenye semina. Wa kundi lingine walitembelewa darasani na wakufunzi. Baada ya miaka miwili, faida ya usomaji kwa watoto wa kundi la pili ilikaribia kuwa maradufu ya kundi la kwanza.

Kutembelea ni ghali kuliko semina, silikatai hilo. Ila bajeti inapobana, mafuta ya pikipiki ya CSO yasiwe ya kwanza kukatwa, maana bila hayo tunarudia zile barua.