Mpanda Ngazi Hushuka: Kuchagua Tela Dogo la Safari kwa Njia za Mamba

Tela dogo la safari ni chombo cha magurudumu kisicho na injini, kinachofungwa nyuma ya gari ili kibebe kitanda, jiko, maji na mizigo ya watu wanaokusudia kulala njiani au mahali pasipo nyumba ya wageni. Mnunuzi wa kawaida huanza kulichunguza kwa ndani: hupima urefu wa godoro, huhesabu makabati, huuliza kama jokofu linatumia umeme wa jua, na mwishoni kabisa, pengine baada ya kulipa arubuni, ndipo huuliza kama gari lake litaweza kulivuta. Katika nchi tambarare mpangilio huo wa maswali humgharimu mafuta tu. Katika Milima ya Upare, na hasa kwa anayekusudia kufika Mamba, unaweza kumgharimu uhai, kwa sababu huko swali kubwa ni kama gari litaweza kulishusha tela ambalo liliweza kulipandisha.

Mamba iko katika sehemu ya kusini ya milima hiyo, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, na inajulikana nchini kwa tangawizi yake pamoja na kiwanda cha kusindika zao hilo kilichojengwa Mamba Miamba. Anayetoka mji wa Same huweza kuzunguka upande wa mashariki kwa njia ya Kisiwani hadi tambarare ya Maore na Ndungu, ambako nchi iko takriban mita 500 hadi 600 juu ya usawa wa bahari, kisha akaanza kupanda. Au huweza kushika barabara ya Mwembe, Myamba na Ndungu, inayokatiza milimani. Vijiji vya juu viko zaidi ya mita 1,000, na kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare, hufikia mita 2,462 ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome. Chini kuna ukame na vumbi, juu kuna ukungu na baridi, na mvua za vuli na za masika huufanya udongo wa miteremko uteleze na mara nyingine uporomoke: Novemba 2009 maporomoko katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, yaliua watu wasiopungua 20. Kwa hiyo tela la kwenda huko huchaguliwa kwa kuangalia kipande kibaya kuliko vyote cha njia na msimu mgumu kuliko yote wa mwaka, hata kama kipande hicho ni kilomita chache tu kati ya mamia ya kilomita za lami kutoka Dar es Salaam.

Matela madogo ya safari yanaweza kugawanywa katika aina nne. Ya kwanza ni tela la mzigo lenye kiunzi cha chuma, ambalo juu yake hufungwa hema linalofunguka kama kitabu, na chini hubaki sanduku la vyombo. Ya pili ni tela la hema, ambalo kifuniko chake kikigeuzwa huwa sakafu, na turubai hukunjuka likawa chumba. Ya tatu ni tela la umbo la tone la maji, lililoenea Marekani katika miaka ya 1930, ambalo ni chumba kigumu cha kulala watu wawili, chenye jiko dogo linalofunguliwa kwa nyuma. Ya nne ni karavani, yaani kibanda kamili chenye mlango, meza na nafasi ya kusimama wima. Kadiri mtu anavyotoka aina ya kwanza kwenda ya nne, starehe huongezeka, lakini huongezeka pia uzito, urefu, na eneo linalopigwa na upepo. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama za barabarani hutokana na mambo hayo matatu, aina ya kwanza na ya pili ndizo zinazostahili kufikiriwa mwanzo na mtu wa milimani.

Uzito una majina matatu ambayo mnunuzi hana budi kuyatofautisha. Uzito mtupu ni ule wa tela kabla ya kupakiwa kitu chochote. Uzito wa juu kabisa ni kikomo alichoweka mtengenezaji kwa tela pamoja na kila kilichomo. Na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uwezo wa mzigo, namba ambayo wauzaji huitaja kwa nadra ingawa ndiyo yenye faida kuliko zote. Mfano unaweza kulieleza jambo hili. Tela lenye uzito mtupu wa kilo 350 likiongezewa hema na magodoro ya kilo 60, maji lita 80 ambayo ni kilo 80, mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ukijaa hukaribia kilo 13 pamoja na chuma chake, betri ya kilo 30, dumu la dizeli la lita 20 lenye kilo 17, vyakula na vyombo kilo 50, na tairi la akiba pamoja na zana kilo 40, hufikia kilo 640 kabla hata mtoto hajaweka begi lake. Afrika Kusini na Uingereza zimeweka kilo 750 kuwa mpaka wa tela lisilo na breki zake lenyewe, lakini mpaka huo ni wa kisheria na haukutungwa kwa kuangalia miteremko ya Upare.

Baada ya jumla hufuata mgawanyo. Uzito wa mkono ni ule unaolalia kiungo cha nyuma ya gari kupitia mkono wa tela, yaani chuma kirefu cha mbele kinacholiunganisha na gari, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ukipungua sana kwa sababu vitu vizito vimewekwa nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia, na kila mwendo unavyoongezeka mayumbo hukua hadi gari lenyewe livutwe nje ya njia; ukizidi, gari hukaa kwa nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani hupoteza nguvu yake mahali unapohitajika zaidi. Tela la kilo 640 linapaswa basi kulalia kiungo kwa kilo 64 hadi 96, kipimo ambacho mizani ya kuning'iniza inayotumiwa kupimia magunia ya tangawizi inaweza kukisoma, mradi ina uwezo wa kilo 100, tela limeegeshwa mahali tambarare, magurudumu yake yamewekewa vizuizi, na mkono umeinuliwa hadi kimo kile kile cha kiungo cha gari. Mkulima anayekataa lumbesa kwa sababu gunia lililofungwa kilemba humwibia jasho lake ataelewa upesi kwamba tela nalo lina lumbesa yake: ni ule mzigo unaoongezwa juu ya hesabu kwa kuwa nafasi ipo, wakati nafasi na uwezo ni vitu viwili tofauti.

Kupanda kunadai mambo mawili kwa gari. La kwanza ni nguvu: pale barabara inapoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo, tela la kilo 640 hulirudisha gari nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 64, pamoja na ile ya gari lenyewe, huku injini isiyo na turbo ikipoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kimo, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 1,500 injini hiyo huwa imebakiwa na kama asilimia 85 ya nguvu ilizokuwa nazo Tanga ufukweni. La pili ni upoozaji: mwendo wa polepole wenye kazi nzito hupasha moto maji ya rejeta na mafuta ya giaboksi, hasa giaboksi ya otomatiki, ambayo ndiyo iliyomo katika magari mengi madogo yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani. Vitabu vya magari hayo mara nyingi ni vya Kijapani, na baadhi havitaji kabisa uzito unaoruhusiwa kuvutwa; gari ambalo mtengenezaji wake hakutaja uzito huo halifai kukisiwa, na mwenye nalo hufanya vizuri akibeba hema juu ya paa badala ya kuvuta tela.

Kushuka ndiko kunakoamua. Kila kilo iliyopandishwa huhifadhi nishati ambayo lazima itoke wakati wa kurudi, na isipozuiwa na injini hutoka kama joto katika breki. Tela la kilo 640 likishuka mita 600 hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 10 za maji ya kawaida, na gari la kilo 2,000 linalolivuta hutoa la kuchemsha kama lita 35. Ikiwa tela halina breki, joto lote hilo huangukia breki za gari, ambazo hubebeshwa karibu theluthi moja zaidi ya kazi zilizoundiwa. Zikipita kiwango, vitambaa vya breki hupoteza mshiko, mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu huchemka na kutoa mvuke, na pedali huzama bila gari kupungua mwendo. Dereva mwenye busara hushuka kwa gia ile ile ya chini ambayo angepandia, akikanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kisha akiziachia zipoe.

Breki za tela zenyewe ni za namna mbili kuu. Breki ya kusukumwa hufanya kazi pale gari linapopunguza mwendo na tela likalisukuma, hivyo msukumo huo hukaza breki za magurudumu yake. Ni ya kimakanika na hutengenezeka kwa urahisi, ila katika mteremko mrefu tela husukuma muda wote, kwa hiyo breki zake hukaa zimekaza na kupata moto. Breki ya umeme huongozwa na kifaa kilicho karibu na dereva, ambaye anaweza kulikaza tela peke yake, jambo ambalo huwa mkombozi linapoanza kuyumba. Udhaifu wake ni nyaya na viungo vya umeme, ambavyo vumbi na maji huviharibu. Kwa yeyote anayekusudia kushuka kutoka Mamba na tela linalozidi nusu tani, breki ya namna mojawapo ni sharti, pamoja na breki ya kuegesha na mnyororo wa usalama wa kulishikilia tela endapo kiungo kitafunguka.

Kona za milimani huleta hesabu nyingine. Tela halipiti mahali gari lilipopita, bali hukata kona kwa ndani, na kadiri mkono wake ulivyo mrefu ndivyo linavyokata zaidi. Lakini mkono mfupi mno hulifanya lijikunje upesi wakati wa kurudi nyuma, tatizo ambalo kila dereva hukutana nalo anapopishana na lori mahali pembamba. Upana kati ya magurudumu nao unafaa ulingane na wa gari, ili tela lifuate mifereji ile ile iliyochimbwa na magurudumu badala ya kujikwaruza ukingoni. Tela la robo tani lililotengenezwa Marekani kwa ajili ya jeep za Vita Kuu ya Pili lilizingatia jambo hilo, tena likatumia ringi na tairi za jeep yenyewe, hivyo tairi moja la akiba liliweza kuhudumia magurudumu yote sita. Kanuni hiyo haijapitwa na wakati, kwa kuwa anayepasukiwa na tairi milimani jioni hana duka la kukimbilia.

Ubora wa muundo huonekana chini, kwa anayekubali kulala kifudifudi na kutazama. Springi za majani, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, huweza kubadilishwa na fundi wa Same au wa Ndungu, wakati mifumo ya mpira iliyofichwa ndani ya ekseli huhitaji kipuri chake maalumu. Beringi za magurudumu zinafaa ziwe za kipimo kinachopatikana katika maduka ya vipuri vya magari ya kawaida. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kuunda tela imara, lakini mahali mkono unapoungana na fremu panahitaji vyuma vya kutia nguvu pande zote, kwani hapo ndipo mitikisiko hukusanyika na nyufa huanzia. Milango nayo iwe na mipira ya kuzuia vumbi, na turubai liwe la kukauka haraka, maana likikunjwa na ukungu wa Mamba halafu likafunguliwa siku tatu baadaye, huwa limeota kuvu.

Baada ya njia, gari, uzito na breki kujulikana, ndipo mahitaji ya mtu yanapopata nafasi yake. Familia inayorudi nyumbani Desemba haina haja ya kitanda cha kuvutwa, kwa kuwa kwao kuna vitanda. Inachohitaji ni tela la mzigo lenye hema la ziada, ambalo litarudi mjini na ndizi na tangawizi. Anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2008, na ambayo lango lake la Zange liko karibu na mji wa Same, hulala katika maeneo yaliyotengwa kwa kambi, na hufaidika na kitanda kilichoinuliwa kutoka ardhini pamoja na sanduku la chakula linalofungwa sawasawa dhidi ya wanyama. Mtu huyo akitaka pia kufika Mamba, anaweza kuliacha tela mahali salama tambarare na kupanda kwa gari peke yake, na uamuzi huo usionekane kuwa ni kushindwa, kwa sababu tela zuri ni pamoja na lile linaloachika kwa urahisi: lenye mguu wa kusimamia, kufuli la kiungo, na hema linaloweza kuhamishiwa kwenye gari.

Kabla ya fedha kutolewa, tela linastahili kukodiwa au kuazimwa, lipakiwe mzigo wote wa safari, hata maji, kisha lijaribiwe kwenye kilima kifupi kilicho karibu: lisimamishwe katikati ya mpando na kuondoka tena bila kurudi nyuma, ligeuzwe mahali pembamba, halafu lishushwe kwa gia ya chini hadi mwisho wa mteremko. Likifika chini na pedali ya breki bado ni ngumu, na kiganja kinachokaribishwa kwenye ringi hakilazimiki kurudi haraka kwa joto, hapo mnunuzi anaweza kufungua mlango na kuanza kupima godoro.