Sura ya Tano: Mvua Inyeshe, Ardhi Inywe

Malori yenye mbuzi na kondoo huingia Kiamaiko kutoka Moyale, Marsabit, Isiolo na kwingineko kaskazini mwa Kenya. Wadi hii ndogo ya eneobunge la Mathare, jirani ya Huruma na Kariobangi, ndiko bucha na hoteli nyingi za Nairobi hununua nyama ya mbuzi. Wafanyabiashara wengi wa hapa ni Waborana, Waburji, Wagabra na jamaa zao wengine wa kaskazini, kwa hiyo habari za mvua ya huko hufika vichinjioni mapema. Mvua ikikosekana, mbuzi huja wengi na wamekonda, na bei huanguka. Ukame ukizidi, huja wachache, na bei hupanda hadi mnunuzi wa kawaida akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na maeneo yale yale yaliyokauka yakafurika. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, Mto Mathare ulivunja kingo zake usiku, ukabeba nyumba, mali na watu. Mchunga mbuzi wa Marsabit aliyefiwa na kundi lake kwa kiu, na mpangaji wa mabati kando ya mto aliyepoteza nyumba kwa maji, wameumizwa na jambo moja: ardhi iliyopoteza uwezo wa kunywa mvua inaponyesha. Sura hii inaeleza uwezo huo hupotea vipi, na watu wa Afrika Mashariki wamewahi kuurudisha kwa njia gani.

Hesabu ya mvua

Tuanze na hesabu ambayo kila mkulima anapaswa kuijua. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Mvua ya alasiri moja ya milimita 30, basi, humwaga juu ya ekari lita zaidi ya 120,000, yaani mitungi 6,000 ya lita 20. Mahali panapopata milimita 400 tu kwa mwaka, na hapo ni pakavu kweli, kila ekari hupokea lita zaidi ya milioni 1.6.

Maji hayo yana njia nne. Mengine hunyonywa na mizizi. Mengine hushuka chini zaidi na kulisha visima na chemchemi. Mengine hupanda hewani kwa joto la jua. Yaliyobaki hutiririka juu ya ardhi, yakibeba udongo, hadi mtoni. Kulirejeshea shamba maji ni kuzipanua njia mbili za kwanza na kuzibana mbili za mwisho. Hakuhitaji mvua zaidi ya ile iliyopo.

Kwa nini ardhi hukataa maji

Udongo wenye afya umejaa vijishimo. Mizizi iliyooza huacha mirija, mchwa na nyungunyungu hutoboa njia zao, na mboji huyashikanisha mavumbi kuwa madonge madogo yenye nafasi katikati. Majani yaliyolala juu huvunja nguvu ya matone. Maji yakifika hapo huingia taratibu na kukaa.

Ondoa majani, na kila kitu hubadilika. Tone la mvua kubwa hupiga udongo mtupu kwa nguvu, hulivunja donge, na vumbi laini linalotoka huziba vijishimo. Jua likiwaka, pale juu panafanya gamba gumu. Kwato za mifugo inayopita njia moja kila siku hushindilia zaidi, hasa karibu na visima na maboma. Mvua inayofuata hukuta ardhi iliyo kama ua uliosakafiwa kwa saruji: maji huteleza, hukusanyika, hupata kasi, huchimba mkondo, na mkondo huwa korongo. Ukichimba saa chache baada ya dhoruba ya namna hii, sentimita kadhaa chini utakuta vumbi kavu.

Hapo ndipo ukame hujizalisha wenyewe. Maji yasipoingia, nyasi hazioti. Nyasi zisipoota, udongo hubaki uchi na gamba huzidi kuwa gumu. Mvua ya mwaka mzuri hupita juu ya ardhi ya namna hii bila kuacha faida, na watu husema mvua imepungua hata pale kipimo kinapoonyesha haijapungua. Kuuvunja mzunguko huu kunahitaji mambo matatu: kupunguza mwendo wa maji, kufunika udongo, na kuipa mizizi muda wa kurudi.

Somo la Ukambani

Miaka ya 1930 Machakos, katika nchi ya Wakamba, ilikuwa mfano uliotajwa sana wa ardhi iliyoharibika. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewabana Wakamba katika hifadhi finyu na kuwapa walowezi malisho mazuri, iliwalaumu Wakamba wenyewe na ng'ombe wao. Mwaka 1938 ilianza kuchukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini, wengi wakiishia kiwanda cha nyama cha Athi River. Wakamba kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana. Serikali ilimhamishia Muindi Mbingu Lamu, lakini mpango wa kuwanyang'anya watu ng'ombe uliachwa. Barabara inayobeba jina lake ipo hadi leo katikati ya Nairobi.

Matuta yaliyochimbwa kwa amri ya wakoloni yalichukiwa, na mengi yakatelekezwa. Mambo yaligeuka watu walipokuwa na uhakika wa ardhi yao na soko la mazao yao. Vikundi vya mwethya, ambavyo ni desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, vilichimba matuta shamba kwa shamba. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha uchunguzi wao mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kile kile. Kilichobadilika ni nani aliamua na nani alivuna.

Tuta lililoshinda Ukambani ni fanya juu. Mkulima huchimba mtaro wenye kina na upana wa karibu sentimita 60 ukikata mteremko, kisha udongo wote huutupa upande wa juu ufanye ukingo. Juu ya ukingo hupandwa nyasi za kulisha mifugo. Kila mvua hushusha udongo kidogo hadi ukingoni, na baada ya miaka kadhaa mteremko hujisawazisha kuwa ngazi.

Mtaro lazima ufuate mstari wa kimo kimoja. Ukiinama, utayakusanya maji upande mmoja na kuzaa korongo jipya. Kuupata mstari huo hakuhitaji mtaalamu wa upimaji. Funga miti miwili iwe miguu, na wa tatu uwe kiungo katikati, ipate umbo la herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Tia alama kwenye kiungo mahali kamba inapokigusa, miguu yote miwili ikiwa kimo sawa. Kisha tembeza kipimo shambani hatua kwa hatua, ukipigilia kijiti kila kamba inaporudi kwenye alama. Vijiti hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha pa kuchimba.

Maji chini ya mchanga

Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache tu kwa mwaka. Wakamba wamejua tangu zamani kwamba ukifukua mchanga wa mto mkavu utapata maji. Bwawa la mchanga hukuza ujuzi huo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga, hujaza nyuma ya ukuta, na kati ya punje za mchanga huo maji hukaa, robo hadi theluthi ya ujazo wake. Jua haliyafikii kwa urahisi na mbu hawazaliani humo. Maji husambaa pia kwenye kingo, na miti na mboga hustawi pande zote mbili.

Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kazi hii mwaka 1978. Baadaye shirika la SASOL lilijenga mamia ya mabwawa ya aina hii Kitui. Bwawa la mchanga lina masharti mawili, na jamii nyingi zimeyajifunza kwa hasara. La kwanza, vilima vilivyo juu yake viwe na matuta, la sivyo mto huleta tope badala ya mchanga, na tope haliachilii maji. La pili, mchanga ubaki mtoni. Majengo ya Nairobi yamekula mchanga mwingi wa mito ya Machakos na Makueni, na kila lori la mchanga linaloondoka ni maji yaliyoondoka. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wake mwaka 2015.

Malisho na mbuzi

Huko wanakotoka mbuzi wa Kiamaiko, matuta hayatoshi. Nchi ni pana mno, na riziki ni mifugo. Hapo chombo kikuu cha kurejesha maji ni mpangilio wa malisho. Waborana wa Isiolo walikuwa nao kabla ya wataalamu kufika. Wazee wa dedha, yaani eneo la malisho la pamoja, hugawa malisho kuwa ya masika, ya kiangazi na akiba ya ukame mkali. Mvua ikinyesha, makundi huenda mbali na visima vya kudumu, ili nyasi zilizo karibu na visima zipumzike hadi zitakapohitajika. Visima vya mashine vilivyochimbwa bila kuwauliza wazee vilivuruga utaratibu huo: mahali pa akiba pakawa pa kulisha mwaka mzima, na gamba likafuata.

Mapumziko ndiyo kiini. Allan Savory wa Zimbabwe amedai kwamba makundi makubwa yanayosukumwa pamoja huponya nyika karibu popote, na wanasayansi wengi wamepinga upana wa dai hilo. Lakini kwamba nyasi zinahitaji muda wa kujenga mizizi kabla ya kuliwa tena, hilo hakuna mfugaji anayelibisha.

Ardhi iliyokwisha kuwa na gamba huhitaji kusaidiwa. Kule Kuku, Kajiado, jamii ya Wamaasai imechimba mitaro ya nusu mwezi, mdomo ukielekea mlimani, ili kila mmoja ukamate maji yanayotiririka na kuyapa muda wa kuzama. Nyasi huota ndani kwanza, kisha hutoka nje. Wanawake hufunga vipande vya ardhi, huvuna mbegu za nyasi na kuziuza. Shinyanga, Tanzania, ambako misitu ilikatwa ili kufukuza mbung'o na kupanda pamba, mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu. Hekta mia chache zilikua hadi zaidi ya 300,000, na miti mingi haikupandwa na mtu: visiki vilichipua vilipoachwa. Njia hiyo hiyo ya kutunza visiki, aliyoieneza Tony Rinaudo nchini Niger, imerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5.

Si kila kijani ni uponyaji. Miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipandwa Baringo kuzuia jangwa. Ulienea hadi ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wakazi waliishtaki serikali, na wakampeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Kabla ya kupanda chochote, uliza wenyeji.

Kazi ya kabla ya mvua

Mto Mathare huungana na Mto Nairobi, nao huingia Athi, na Athi huishia baharini kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Rangi ya kahawia inayoonekana Malindi msimu wa mvua ni mashamba ya bara yakiondoka. Jiji nalo lina wajibu wake katika safari hiyo: kila paa na kila ua wa saruji humwaga mtoni maji ambayo tangi au bustani ingeyapokea, na samadi ya vichinjio vya Kiamaiko ni mboji ambayo shamba fulani linaihitaji, wala haina kazi mtoni.

Kazi yote iliyoelezwa hapa hufanywa ardhi ikiwa kavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na korongo la futi moja leo litahitaji mawe ya lori baada ya misimu mitatu. Kama una shamba, lipime kimo mwezi huu, anza mtaro wa juu kabisa, na usichome mabua. Kama wewe ni mfugaji, kaa na wazee mkubaliane ni wapi pasilishwe mvua ikinyesha. Kama una sauti katika bajeti ya kaunti, dai matuta na mabwawa ya mchanga yapewe fedha kabla ya malori ya maji na chakula cha msaada, kwa kuwa malori hayo hurudi kila ukame na hayaachi hata tone ardhini.