Nani Abebe Ngoma?

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Kampuni ndiyo iliyowasafirisha. Kazi yao wao ilikuwa kuimba na kupiga.

Karibu miaka 100 baadaye, vikundi vingi vya sanaa havina mwenyeji wa namna hiyo. Mwaliko huja kwa baruapepe, tarehe zikiwa zimeshapangwa, na shughuli ya tiketi, viza, hoteli na gari humwangukia katibu wa kikundi, ambaye huenda usiku wa onyesho ndiye mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Wengine huamua kuikabidhi kwa wakala wa nje. Uamuzi huo una faida kubwa, lakini kwa kikundi kinachojua kinanunua nini tu.

Ziara ya maonyesho ina safari tatu ndani ya moja: safari ya watu, safari ya mizigo na safari ya karatasi. Wakala wa kawaida wa tiketi anaimudu ile ya kwanza. Mashirika mengi ya ndege hutoa nauli ya kikundi kuanzia abiria 10, na mara nyingi huruhusu viti vishikwe kwanza, majina yaletwe baadaye. Kwa kikundi ambacho bado hakijajua ni mcheza ngoma yupi atakayepata ruhusa kazini, nafasi hiyo ni ya thamani. Safari mbili zilizobaki ndizo zinazohitaji mtaalamu.

Ngoma zenyewe zinaonyesha kwa nini. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao sanaa yao iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, hupiga ngoma zilizochongwa kila moja kwenye gogo zima, na huingia uwanjani wamezibeba kichwani. Kichwani ngoma ina uzito wake tu. Kwenye ndege ina uzito wa pili, unaotokana na nafasi inayochukua. Hesabu iliyozoeleka katika mizigo ya anga ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Jibu likizidi kilo za mizani, hilo jibu ndilo linalotozwa. Chukua ngoma ya kilo 40 pamoja na kreti yake ya sentimita 80 kwa 80 kwa 100. Mizani itasema 40, karani wa mizigo ataandika karibu 107. Ngoma kumi za namna hiyo zitalipiwa zaidi ya tani moja, ingawa zote pamoja hazifiki nusu tani.

Wakala anayejua kazi yake ataliona jambo hilo kabla ya bei kuandikwa. Atashauri ngoma ndogo ziingizwe ndani ya kubwa, au mzigo utangulie kwa meli, au spika na vinara vya taa vikodiwe hukohuko. Atauliza pia ngozi imetengenezwaje. Mwaka 2006 mtengenezaji ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta baada ya kufanya kazi na ngozi mbichi kutoka Afrika Magharibi, na tangu hapo swali la ngozi halichukuliwi kwa wepesi.

Safari ya karatasi ndiyo yenye mitego mingi zaidi. Kwa vifaa vinavyoingia nchi nyingine na kurudi, kuna hati iitwayo ATA Carnet, iliyotokana na mkataba wa Brussels wa mwaka 1961. Hutolewa na chemba za biashara, hudumu mwaka mmoja, na huruhusu vyombo vya kazi kupita forodha bila kulipiwa ushuru katika nchi zinazoitambua. Haihusu fulana na CD za kuuza. Hizo ni bidhaa na zina ushuru wake. Ndani ya Afrika Mashariki, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 nayo inaruhusu vitu kuingia kwa muda, kwa dhamana, mradi virudishwe nje ndani ya miezi 12.

Kisha kuna kanuni za viumbe walio hatarini. Mwaka 2014 pinde saba za fidla za Budapest Festival Orchestra zilizuiwa katika uwanja wa ndege wa John F. Kennedy, New York, zikishukiwa kuwa na pembe za ndovu. Miaka mitatu baadaye zamu ikawa ya mpingo, mti unaovunwa hasa Tanzania na Msumbiji na unaotengenezewa klarineti na zumari za Kizungu. Januari 2017 mpingo na jamaa zake wote waliingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ala zikaanza kudaiwa vibali katika biashara ya kimataifa. Ala zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo mwishoni mwa 2019. Wakala anayelipwa kufuatilia mambo haya hujua mabadiliko yameanza lini. Katibu anayepiga kanuni atayajulia forodhani.

Viza ni vivyo hivyo. Tangu Aprili 2024, ombi moja la wasanii kwenda kufanya kazi Marekani haliwezi kubeba zaidi ya majina 25. Okestra ya watu 80 inahitaji maombi manne, na kila moja lina ada yake. Barabara nazo zina sheria. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori huendesha saa tisa kwa siku kwa kawaida, na baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kutoka Paris hadi Berlin ni zaidi ya kilomita 1,000. Anayepanga onyesho Paris leo usiku na Berlin kesho jioni amekwishaajiri dereva wa pili, hata kama hajamweka kwenye bajeti.

Si kila kikundi kinahitaji kukabidhi mengi. Kuanzia Aprili 2014 hadi Aprili 2016, ukumbi wa Shakespeare's Globe wa London ulizungusha mchezo wa Hamlet katika nchi zaidi ya 190 kwa msafara wa watu 16 tu: waigizaji 12 na wasimamizi wanne wa jukwaa. Waigizaji walibadilishana nafasi, hivyo mmoja akiugua onyesho halikufa. Wepesi ule ulipangwa tangu kwenye mazoezi, na hakuna wakala anayeweza kuuongeza baadaye.

Kwa hiyo mkataba na wakala uandikwe kwa macho mawili. La kwanza ni malipo. Wapo wanaotoza ada ya wazi, na wapo wanaoificha ndani ya bei ya tiketi na hoteli. Kikundi kidai ankara halisi za ndege na za wasafirishaji. La pili ni saa mbaya: ndege ikifutwa saa nane za usiku, nani anapokea simu, na ana mamlaka ya kutumia kiasi gani bila kuuliza? Hapo ndipo ada yake inapopata maana.

Yapo mambo matatu ambayo kikundi kisiyatoe nje. Ratiba ya mapumziko ibaki kwa mkuu wa kikundi, kwa sababu wakala hutafuta nauli nafuu na nauli nafuu huondoka alfajiri. Nakala za pasipoti na tarehe zake za kuisha zibaki kwa katibu. Na orodha ya vyombo, kreti kwa kreti, iandikwe na wenye vyombo wenyewe.

Kikundi kinachotarajia mwaliko, kiwe cha Unguja, Mombasa au Bujumbura, kisisubiri barua ifike. Kichukue mizani na tepu wiki hii, kipime kila ngoma ikiwa ndani ya kreti yake, kiandike namba hizo, kisha ndipo kimpigie wakala simu.